Deni la Kilindini

Jumapili ya tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi kinyumenyume kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, likazama na mama na binti yake huku abiria wakitazama. Liliopolewa Ijumaa ya tarehe 11 Oktoba. Katika siku zote hizo Wakenya walikuwa wakiuliza swali moja: mbona wazamiaji wanachelewa hivi? Mkono ule wa bahari si mpana; mtu aliye ng'ambo hii humwona aliye ng'ambo ile. Wengi walidhani ni kazi ya kushuka, kupapasa, kufunga kamba na kuvuta. Gari lilikutwa kwenye kina cha mita 58, yaani pima 32 hivi. Nchi kavu, mita 58 ni mwendo wa chini ya dakika moja kwa miguu. Kwa mzamiaji, tarakimu hiyo peke yake inajibu sehemu kubwa ya lile swali, na ukiifungua utakuta ndani yake karibu kila jambo analopaswa kulielewa mtu anayetaka kuingia baharini na mtungi mgongoni, awe askari, mvuvi, au kijana anayewatembeza wageni kwenye matumbawe ya Mnemba.

Ninachoshikilia katika makala haya ni kwamba hatari kubwa ya kuzamia haiko kule chini tunakokuogopa. Iko njiani, wakati wa kurudi juu, na kinachoikabili ni subira kuliko ushujaa au vifaa vya bei. Watu wengi wakisikia habari za kuzamia humfikiria papa kwanza, halafu mtungi unaoharibika ghafla. Ushahidi unasema vingine. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008 uliangalia vifo 947 vya wazamiaji wa starehe vilivyotokea kati ya 1992 na 2003, vilivyokusanywa na shirika la Divers Alert Network, maarufu kama DAN. Watafiti walitafuta, kwa kila kifo, lile tukio la kwanza lililofungua mlango wa balaa. Pale lilipoweza kujulikana, asilimia 41 lilikuwa ni kupungukiwa na hewa; hitilafu za vifaa zilikuwa asilimia 15. Na kilichofuata baada ya tukio hilo la kwanza, kwa zaidi ya nusu ya waliochunguzwa, kilikuwa ni kukimbilia juu kwa dharura. Tulitafakari hilo kidogo. Hewa ya mtungi haiishi kwa kushtukiza kama taa inavyozimika. Kuna geji, na sindano yake hushuka taratibu mbele ya macho ya mwenyewe. Anayeishiwa hewa ni mtu aliyeacha kutazama, au aliyetazama akajiambia bado kidogo.

Hesabu yenyewe si ngumu, na inafaa ifanywe hadharani. Hata kabla hatujagusa maji, tumebeba uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Uzito huo tuuite kipimo kimoja cha mgandamizo. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza kipimo kingine kimoja. Mita 10 ni vipimo viwili, mita 30 ni vinne, na mita 58 za Likoni ni karibu vipimo saba. Mtungi wa kawaida wa lita 12, uliojazwa hadi bar 200, yaani karibu vipimo 200, una lita 2,400 za hewa. Mzamiaji aliyetulia hutumia kama lita 20 kwa dakika anapokuwa karibu na uso wa maji, kwa hiyo mtungi ungemchukua saa mbili. Lakini kila pumzi ya chini lazima iwe na mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka, ama sivyo kifua kisingeweza kutanuka. Kwenye mita 10 kila pumzi inabeba hewa mara mbili, na saa mbili zinakuwa moja. Kwenye mita 30 zinabaki dakika 30. Kwenye mita 58 hazifiki 18, na mtu anayepigana na mkondo hutumia hewa mara mbili ya hiyo kwa urahisi, basi zinabaki dakika tisa, kushuka na kupanda humo humo. Tena mkono huo wa bahari, mlango wa Kilindini, ni njia ya meli na ya maji kujaa na kupwa. Chini kuna giza la tope. Ongeza jambo jingine: naitrojeni iliyomo kwenye hewa, ambayo hapa juu haitufanyi lolote, kuanzia mita 30 hivi huanza kulewesha. Mtu hucheka bila sababu, husahau kusoma geji, hurudia kazi aliyokwisha kuimaliza. Ndiyo sababu wanaozamia kwa starehe wamewekewa mpaka wa mita 40, na anayeanza mita 18. Mipaka hiyo ilitokana na miili ya watu waliotangulia.

Sasa tupande. Ile hewa iliyosongamana kwenye mapafu huanza kutanuka kadiri mgandamizo unavyopungua, na hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba karibu na juu ndipo penye usalama. Hesabu inakwenda kinyume. Kutoka mita 30 hadi 20, mgandamizo unatoka vipimo vinne kwenda vitatu. Hewa inaongezeka kwa theluthi. Kutoka mita 10 hadi juu, unatoka viwili kwenda kimoja. Hewa inakuwa maradufu. Mapafu yaliyokuwa na lita tano za hewa kwenye mita 10 yangehitaji nafasi ya lita 10 mtu akifika juu huku amefunga koo, na hakuna kifua chenye nafasi hiyo. Pafu huchanika, na hewa ikaingia kwenye mishipa ya damu. Kiputo kikifika kwenye ubongo, mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache baada ya kutoa kichwa majini. Jambo hili linaweza kumpata hata anayepanda kutoka kina cha urefu wa mtu mzima, ikiwa amejaza mapafu hewa ya mtungi na kuizuia. Kwa hiyo mwalimu wa kuzamia, kabla ya kumfundisha mwanafunzi jambo jingine lolote, humwambia asizuie pumzi kamwe. Ni agizo jepesi kulikariri ufukoni. Mwenye hofu hulisahau mara moja, maana sote tangu utotoni tumezoea kwamba ukiwa ndani ya maji unabana pumzi.

Madhara ya mapafu huonekana papo hapo. Deni jingine hudaiwa baadaye, nalo ni lile la naitrojeni. Karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni. Chini ya mgandamizo gesi hii huingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu ikapenya kwenye mafuta, misuli, maungio na uti wa mgongo. Ifikirie kama chumvi inavyoingia kwenye ng'onda. Mahali pembamba hukolea upesi, mnofu mnene huchelewa. Na siku ya kupika, ukitaka chumvi itoke, unaloweka na kungoja, wala hakuna namna ya kuiharakisha. Mwili nao unahitaji kungojwa. Mzamiaji akipanda polepole, naitrojeni hurudi kwenye damu, ikafika kwenye mapafu, ikatoka na pumzi bila yeye kuhisi kitu. Akipanda kwa kasi, au akiwa amekaa mno chini, gesi haipati nafasi ya kutoka kwa njia yake. Inakuwa viputo ndani ya mwili. Kiputo kwenye bega ni maumivu yasiyoeleweka mtu akae vipi. Kiputo kwenye uti wa mgongo ni ganzi ya miguu, kushindwa kukojoa, na wakati mwingine kupooza maisha yote.

Ujuzi huu haukushuka kwa ufunuo. Mwaka 1670 Robert Boyle aliandika kwamba alimweka nyoka ndani ya chombo akakitoa hewa, akaona kiputo kikitembea ndani ya jicho la yule mnyama. Miaka mia mbili ikapita kabla watu hawajaelewa maana ya kiputo hicho kwa binadamu, na waliolipa gharama ya kuchelewa huko ni vibarua. Madaraja makubwa ya Marekani yalipojengwa, wafanyakazi waliteremshwa mtoni ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa ya kugandamizwa ili maji yasiingie, wakachimba misingi humo. Walifanya kazi vizuri kule chini. Walianguka baada ya kutoka. Katika daraja la St. Louis, lililosimamiwa na James Eads, walikufa zaidi ya kumi. Katika daraja la Brooklyn, mhandisi mkuu mwenyewe, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872, na kazi ikaendelea hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1883 huku mkewe Emily akibeba maagizo kati ya kitanda cha mumewe na mafundi. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alithibitisha kwamba kinachoumiza ni viputo vya naitrojeni. Bado lilibaki swali la mtu anayesubiriwa na kazi: je, nipande kwa mwendo gani?

Jibu lilitoka kwa John Scott Haldane na wenzake, waliolifanyia kazi Jeshi la Wanamaji la Uingereza na kuchapisha matokeo mwaka 1908. Walitumia mbuzi. Waliwaingiza kwenye chumba cha chuma, wakaongeza mgandamizo, wakaupunguza kwa namna mbalimbali, kisha wakawatazama. Mbuzi mwenye kiputo kwenye goti huinua mguu wa mbele na kuuning'iniza, hataki kuukanyagia. Kwa kuhesabu miguu iliyoinuliwa, Haldane aligundua kwamba mwili huvumilia mgandamizo kupunguzwa hadi nusu, kisha unahitaji kupumzishwa kabla ya kupunguzwa tena. Hapo ndipo lilipozaliwa jedwali la kupanda kwa vituo. Majedwali ya leo yamesahihishwa mara nyingi, lakini hoja ya mbuzi ingali ndani yake. Jedwali la shirika la mafunzo ya kuzamia la PADI, linalotumiwa na walimu wengi, humruhusu mtu dakika 56 kwenye mita 18 na dakika 20 tu kwenye mita 30, ikiwa ni mzamio wake wa kwanza siku hiyo. Kwenye mita 58 muda wa kukaa bila kulazimika kusimama vituoni ni dakika zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wazamiaji wa Likoni wasingeweza kushinda kule chini. Aliyewashinikiza waharakishe, kwa uchungu unaoeleweka kabisa, alikuwa anaomba msiba wa pili bila kujua.

Kanuni zinazotokana na hayo ni chache. Panda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika au chini ya hapo, mwendo ambao mtu mwenye haraka huuona kama wa konokono. Kwenye mita tano simama dakika tatu ukiwa umetulia. Anza kurudi hewa ikiwa bado nyingi, ili mtungi ufike juu na akiba ya bar 50. Usimwache mwenzako, kwa kuwa yeye ndiye mtungi wako wa pili. Zipo nyingine za baharini kwetu ambazo manahodha wanazijua kuliko vitabu: siku za bamvua mikondo huwa mikali kuliko siku za maji mafu, na mzamiaji anayebishana na mkondo anakula hewa yake na kujichosha, mambo mawili yanayompeleka kwenye ile asilimia 41. Nahodha akisema leo maji hayafai, mgeni aliyelipa asimbembeleze.

Kanuni moja inavunjwa na watu waaminifu kabisa kwa sababu hawajui kwamba inawahusu. Mtu akitoka baharini, mwili wake bado una naitrojeni ya ziada kwa saa nyingi, na kupanda mahali pa juu ni kuendelea kuibuka. DAN hushauri kungoja angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya mzamio mmoja wa kawaida, saa 18 baada ya mizamio kadhaa au ya siku mfululizo, na zaidi ya hapo kama ulilazimika kusimama vituoni. Hewa ya ndani ya ndege kubwa hulinganishwa na ya mlima wa mita 2,400 hivi. Wengi wanalijua la ndege. Lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na treni ya Mombasa haihitaji mabawa kukufikisha huko kwa saa chache. Aliyezamia Diani asubuhi akashika treni ya alasiri anafanya jambo la jamii ileile na la kurukia ndege. Hali kadhalika anayetoka Tanga kwenda kulala Lushoto, au mtalii aliyemaliza wiki ya kuzamia Unguja na kesho yake anataka kuanza safari ya Kilimanjaro. Aanze na mlima, amalizie bahari, kisha apumzike ufukoni siku nzima kabla ya kuruka.

Kuna pingamizi ninalolisikia mara kwa mara likisemwa kwa fahari, nami sitaki kulidharau: wazee wetu walizamia maisha yao yote bila jedwali wala geji, mbona hawakupooza? Ni kweli walizamia. Wavuvi wa pweza na kaa wa pwani hii, na wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba na Oman, ambao miongoni mwao walikuwamo Waafrika wengi waliochukuliwa utumwani kutoka upande wetu, walishuka kwa pumzi moja, wale wa lulu wakiwa na jiwe mguuni na kibano puani, wakivutwa juu kwa kamba na mwenzao aliyebaki chomboni. Lakini pumzi ile waliichukua juu. Mapafu yalisinyaa wakishuka, yakarudi ukubwa wake wakipanda; hapakuwa na hewa ya ziada ya kuyachana, na dakika moja haikutosha kuukoleza mwili naitrojeni. Walipata madhara mengine: ngoma za masikio zilipasuka, macho yaliharibika, wengine walizirai na kuzama. Mtungi ulibadilisha masharti ya mchezo. Tangu Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipotengeneza kifaa chao mwaka 1943, mtu anaweza kuvuta pumzi mpya chini ya maji kwa saa nzima, na kwa hiyo anaweza kukopa kwa saa nzima. Ustadi wa mzee wa pumzi moja ni wa kuheshimiwa, lakini haumfundishi mjukuu wake kulipa mkopo ambao yeye hakuwahi kuuchukua.

Pingamizi la pili linatoka kwa vijana: siku hizi kuna kompyuta ya mkononi inayohesabu yote hayo. Ni chombo kizuri, na anayemudu kuwa nacho awe nacho. Hata hivyo kompyuta inajua mambo mawili tu juu yako, kina na muda. Haijui kwamba jana hukulala, kwamba umetapika njia nzima kwa mawimbi na huna maji mwilini, kwamba umebeba mitungi sita ufukoni kabla ya kushuka. Haijui kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne ana tundu dogo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, tundu la tangu tumboni mwa mama ambalo halikuziba, na ambalo linaweza kupitisha viputo hadi upande wa moyo unaosukuma damu kwenda kwenye ubongo. Wapo waliougua huku kompyuta zao zikionyesha kwamba hawakuvuka mpaka wowote. Mtu anayejali afya yake huweka akiba kwenye muda kama anavyoweka akiba kwenye mtungi.

Afya yenyewe ianzie nchi kavu. Katika ule uchambuzi wa DAN, tatizo la moyo lilikuwa ndilo lililomlemaza mzamiaji katika karibu robo ya vifo. Mtu wa miaka 50 ambaye hajapimwa presha kwa miaka mitano hapaswi kuanzia vipimo vyake majini. Fomu ya maswali ya afya inayotolewa kabla ya mafunzo ijazwe kwa ukweli, hasa palipoulizwa pumu, kifafa, kisukari na moyo. Anayeficha anamdanganya mtu atakayelazimika kumwopoa. Mjamzito asizamie. Mwenye mafua asizamie pia, hata kama amelipia safari, kwa sababu masikio yanahitaji njia iliyo wazi ya kusawazisha mgandamizo. Kila baada ya mita moja hivi unabana pua na kupuliza taratibu, kabla maumivu hayajaanza. Yakishaanza unapanda kidogo na kujaribu tena, na yakikataa unaghairi. Kwetu kuna tatizo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji sana: uchovu mzito na maumivu ya maungio ndizo dalili ambazo kila nyumba ya pwani huziita malaria. Aliyezamia siku hiyo au ya kuamkia akiwa na hali hiyo, amweleze daktari habari za mtungi kabla ya yote. Apimwe malaria, lakini asirudishwe nyumbani na vidonge tu.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, kwamba haya ni mambo ya watalii, na mvuvi maskini hana nafasi nayo. Mimi naona mambo yamegeuzwa. Mtalii anazamia mara nne kwa mwaka, chini ya mwalimu, na bima juu. Kijana anayemwongoza anashuka mara mbili au tatu kila siku, msimu mzima. Na mvuvi wa majongoo bahari anashuka tena na tena kadiri majongoo ya maji mafupi yanavyokwisha na bei ya soko la Asia inavyomsukuma kwenye vina, mara nyingi bila geji, akiwa na hewa iliyojazwa kwa kompresa ambayo hajui mara ya mwisho ilibadilishwa chujio lini. Kompresa ya petroli iliyowekwa upande usiofaa wa upepo huvuta moshi wake yenyewe, na kaboni monoksidi haina harufu. Mtu anaipumua chini kwa mgandamizo maradufu. Uvuvi wa mitungi umewekewa marufuku au masharti sehemu mbalimbali, na zipo sababu nzuri za kuyalinda majongoo yenyewe. Ila marufuku haimfundishi mtu kupanda polepole. Anayeendelea kwa siri ndiye anayeumia kwa siri.

Tunajua mwisho wa njia hii kwa sababu wengine wameifikia. Katika pwani ya Honduras, Wamiskito wamekuwa wakizamia kamba-mti kwa mitungi kwa ajili ya soko la nje, mizamio mingi kwa siku, bila mafunzo. Wamepooza kwa mamia. Wenyewe wanasimulia habari za Liwa Mairin, mwanamke wa baharini anayewaadhibu wanaochukua mno, na msomaji wa pwani yetu hatashangaa. Mtu aliyetoka chomboni mzima akashindwa kusimama jioni, hata kwetu wapo watakaosema amekutana na jini. Sina haja ya kubishana na imani ya mtu. Naomba tu saa zisipotee. Tarehe 31 Agosti 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika ilitoa hukumu katika shauri la wazamiaji 42 wa Kimiskito, ikaiwajibisha serikali ya Honduras kwa kutosimamia kampuni zilizowatuma majini. Hapo ndipo jibu la umaskini lilipo. Kupanda polepole ni bure. Vile visivyo bure, yaani geji, mafunzo, chujio la kompresa na oksijeni, vinapaswa kulipwa na anayenunua mzigo na anayekodisha mitungi, kwa sababu wao ndio wanaofaidi kina bila kukishuka.

Mtu akishaumia, tiba yake kamili ni kurudishwa kwenye mgandamizo ndani ya chumba maalumu cha chuma, huku akivuta oksijeni tupu. Ratiba inayotumika zaidi humpeleka kwenye mgandamizo wa mita 18 na kumrudisha taratibu kwa karibu saa tano. Vyumba hivyo ni vichache katika ukanda wetu, na kinachofanya kazi mwaka huu huenda mwakani kikawa kwenye matengenezo, kwa hiyo kituo cha kuzamia kinapaswa kujibu bila kusitasita kilipo kilicho karibu na namna ya kukifikia. Wavuvi wengine humrudisha mgonjwa majini na mtungi wa hewa. Nawaelewa, kwa kuwa maumivu hupungua kweli akifika chini: viputo vinasinyaa. Lakini anaongeza naitrojeni juu ya ile inayomdhuru, hewa inamwishia kabla ya muda wa tiba, na akipanda hali huwa mbaya kuliko mwanzo. Cha kufanya ni kumlaza, kumnywesha maji kama ana fahamu zake, kumpeleka hospitali, na kumpa oksijeni tupu tangu dakika ya kwanza, ili mapafu yasiwe na naitrojeni na ile ya mwilini ipate pa kutokea. Asiachwe kwenda nyumbani kwa sababu ganzi imepungua.

Ukifika kituoni au ufukoni asubuhi, kabla hujavaa chochote, mwombe nahodha akuonyeshe mtungi wa oksijeni wa chombo chake. Usikubali kuambiwa tu kwamba upo. Mtungi huo hufunguliwa kwa ufunguo wake maalumu, kipande cha chuma kidogo kuliko kidole, chenye kupenda kuanguka kwenye maji ya ngama na kupotea. Katika vyombo vinavyotunzwa vizuri utakuta ufunguo umefungwa kwa uzi shingoni mwa mtungi. Shika uzi huo, fungua, tazama geji, funga tena.